Barua Niliyomsomea Mama

Juzi nilikwenda matangani hapa Kenya, mtaa wetu huu, si ile nchi, njia tatu kutoka kwangu. Jirani yetu amefiwa na mtoto wake wa kiume, kijana aliyegongwa akiwa kwenye pikipiki yake. Mhubiri mmoja, naye kijana, suti imembana mabegani, alisimama mbele ya mama wa marehemu akamwambia kwamba hakuna kinachotokea bure, na kwamba akitazama vizuri ataona hata msiba huu umekuja kwa faida yake. Nikajifanya nimepaliwa, nikainuka, nikatoka nje. Wanawake wawili wakanifuata na maji wakidhani ni kifua cha uzee. Kifua changu ni kizima. Ni maneno yale tu siwezi kuyakalia. Nimeyajua tangu nina miaka kumi, na niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kifaransa, tena kwa mwandiko mzuri.

Ninyi wa rika langu mliolelewa katika kambi za wafanyakazi, katika Elisabethville ile, kama mji wetu huu ulivyoitwa zamani, mnakumbuka king'ora cha alfajiri na nyumba za matofali zilizopangwa mistari. Mnakumbuka siku ya posho, mama zetu wamesimama foleni na makapu wakingojea unga, maharagwe, mawese na samaki wakavu. Na mnakumbuka moshi wa lile bomba kubwa, ulivyoingia kooni ukaacha ladha ya kulamba sarafu. Upepo ukigeuka, mama alianua nguo kambani mbiombio hata kama hazijakauka. Baba alifanya kazi chini ya bomba hilo, kwenye tanuri la shaba. Alikuwa mtu wa Pweto, mtoto wa wavuvi, mpana wa mabega, na watu wa tanuri walijivuna kwelikweli. Waliwaona wafagiaji na watu wa bustani kuwa nusu wanaume. Posho ya tanuri ilikuwa na nyama zaidi, na sisi watoto wao tulitembea vichwa juu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mwalimu Gaspari, aliyefundisha wavulana katika shule ya kambi. Mke wake na watoto wake wawili walikufa katika msimu mmoja wa mvua, kabla sisi hatujahamia pale. Aliishi na kuku watano na kitabu kimoja. Mama alimwonea huruma, akawa ananituma kila siku mchana nimpelekee bukari, yaani ugali, na mboga za lenga-lenga, na ndivyo nilivyoanza kukaa uani kwake. Sisi wasichana wa masista tulifundishwa kushona, katekisimu na hesabu kidogo, vyote kwa Kiswahili. Kifaransa kilikuwa cha wavulana. Nilikitaka kwa sababu hiyo hiyo tu, na Mwalimu, ambaye nadhani alitamani kuwa na mtoto wa kumfundisha tena, hakuona ubaya.

Kitabu hicho alikipata kwa mpishi wa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mpishi alipewa akiwashie moto. Hakikuwa na jalada, kurasa za kwanza zilikuwa zimekwisha kuliwa na jiko, na za mwisho pia. Hatukujua jina lake wala la aliyekiandika. Kilihusu msomi mmoja wa Ulaya ya zamani, mwenye nywele za bandia, aliyeshikilia kwamba kila jambo duniani limepangwa kwa uzuri usioweza kuzidi. Mafuriko yakasomba nyumba yake, akashukuru kwamba sasa anauona mto bila kizuizi. Akafungwa gerezani bila kosa, akasifu kuta nene zinazomkinga na upepo. Akakatwa mguu, akawaeleza waliomkata kwamba jozi moja ya viatu sasa itamdumu maradufu.

Najua mnacheka. Mwenye akili zake ni lazima acheke. Lakini sisi hatukucheka. Mtoto wa katekisimu alikuwa amelishwa habari za mashahidi waliochomwa moto wakiimba, waliotupiwa simba wakisali, kwa hiyo msomi wa mguu mmoja alikuwa kwangu ndugu yao kabisa. Nilimwona na mwanga kichwani, juu ya zile nywele za bandia. Na Mwalimu alisoma kwa sauti ya kanisani, polepole, na mara nyingine alisimama katikati ya sentensi akatazama kuku wake. Sasa naelewa alikuwa anatazama nini. Mtu aliyezika watu watatu kwa msimu mmoja akiambiwa kwamba ilipangwa vizuri, ama atakutukana ama atakushika mkono asikuachie. Mwalimu alikishika kile kitabu asikiachie.

Tukawa na mchezo wetu. Likitokea baya lolote, sharti tulitafutie heri yake kabla jua halijazama. Nyoka alikula kuku mmoja wa Mwalimu: nyoka ameshiba, hatamuuma mtoto wa mtu. Paa letu lilivuja: sakafu imeoshwa bila mama kuinama. Nilikuwa hodari, na kichwa kilinivimba. Rafiki yangu aling'olewa jino, analia, nikamwambia ana bahati, sasa amebakiwa na meno machache ya kumuuma. Alinipiga kofi. Hata kofi nililitafutia heri yake. Mama aliyasikia mambo hayo akanitazama kwa jicho la pembeni. Alisema siku moja mimi na mwalimu wangu tutasema hata njaa ni nzuri, na akanituma kuchota maji.

Kisha baba akaanza kukohoa. Mwanzo ni kikohozi cha asubuhi, cha kusafisha koo tu. Baadaye kikawa cha kumwinamisha, mkono mmoja ukutani. Alikonda shingo. Akirudi kazini alikaa kwenye kibao mlangoni muda mrefu kabla ya kuvua viatu, na sisi tulifundishwa kutomwuliza. Mama alimsihi aende dispanseri akaseme ukweli, naye aliwaambia kule kwamba ni mafua. Alimsihi aombe kazi nyingine. Baba alijibu kwamba hatashika ufagio akiwa na mikono miwili. Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndivyo walivyosema wazee, lakini nani angemwambia baba hivyo.

Mama hakulala juu ya jambo hilo. Mtaani kwetu alikuwepo Baba Kabwe, naye mtu wa tanuri, naye mwenye kifua. Mwanawe aliyesoma alimwandikia bwana shefu, yaani yule mzungu mkuu wa kambi, barua ya Kifaransa, akaeleza ugonjwa wa baba yake. Baada ya majuma mawili Baba Kabwe alihamishiwa bustani za kampuni, anamwagilia kabichi, na miezi michache baadaye alikuwa anapanda baiskeli. Kwa hiyo mama alijua kwamba inawezekana. Kwenda kwa karani wa kambi hakuthubutu, maana karani alikunywa kinywaji chetu cha munkoyo na baba kila Jumapili. Mwalimu Gaspari naye alikuwa rafiki yake baba, na mwana wa Baba Kabwe alikuwa amekwisha kwenda kusoma mbali. Nikabaki mimi.

Aliniita jikoni, akafunga mlango, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

"Odila, mama, weye unajua Kifransa. Andika kwa bwana shefu. Sema baba yako iko na kifua mubaya, bamutoshe ku moto, bamupatie kazi ya bustani sawa Baba Kabwe. Baba asijue."

Alikuwa amekwisha kununua karatasi na bahasha. Aliifuta meza mara mbili kabla ya kuniwekea.

Niliandika peke yangu, mchana ule, mama akiwa nje anatwanga. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo nimelizungusha kichwani maisha yangu yote. Sikutaka kumdhuru baba. Nilimpenda baba kuliko nilivyompenda mama, hilo naweza kulisema sasa wote wawili wakiwa hawapo. Lakini Kifaransa changu chote kilitoka katika kitabu kimoja, na katika kitabu kile hakuna mtu aliyewahi kuomba kitu. Hakuna aliyesema naumwa, nisaidieni, niondoeni hapa. Nilikuwa na sentensi ndefu na nzuri za kushukuru. Ya kuomba sikuwa nayo hata moja. Neno la kikohozi sikulijua. Neno la kuhamishwa sikulijua. Ningeweza kukimbia hadi kwa Mwalimu nikamwuliza, lakini ilikuwa siri, tena niliona aibu: mimi, Odila, niulize maneno madogo kama yale?

Na kulikuwa na jambo baya zaidi ya ujinga. Niliamini kwamba kuomba ni kukosa. Msomi wa kitabuni hakuomba, na kila alipoteswa alipanda daraja. Nilidhani nikimwandikia bwana shefu maneno ya kulalamika, baba atashushwa daraja mbele ya Mungu, ataingia kundi la watu wanaonung'unika. Nikiandika vizuri, mambo yatajipanga vizuri yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, ulimi ukiwa nje, nikichovya kalamu.

Nikaandika kwamba baba yangu, mfanyakazi wa tanuri, anashukuru kwa moto uliowekwa mbele yake, kwa sababu moto husafisha. Kwamba mahali alipo ndipo pazuri kuliko mahali pote pawezapo kuwa. Kwamba maumivu ya kifua chake, neno la kifua nilikuwa nalo, ni sehemu ya mpango mwema ambao sisi wadogo hatuuoni wote. Na kwamba hatamani kubadilisha chochote.

Mama aliingia, mikono ina unga. Aliitazama karatasi kwa heshima, akasema mistari imenyooka. Kisha akaniambia nimsomee kwa Kiswahili. Sikupanga kudanganya. Nilifungua kinywa nikitaka kumsomea yaliyoandikwa, nikamwona uso, nikajua hatayapenda. Basi nikamsomea ile aliyoniagiza. Bwana shefu, baba yetu anaumwa kifua, usiku halali, tunakuomba umtoe kwenye moto, umpe kazi ya bustani, tuna watoto wanne.

"Soma tena fasi unasema kifua," mama akasema.

Nikasoma tena mahali pale. Macho yangu yalikuwa juu ya karatasi, yakifuata maneno mengine kabisa. Mama akapaka wino kidoleni, akakibonyeza chini ya barua, akapuliza ili kikauke. Kidole chake kilitoka vizuri, mistari yake yote inaonekana. Akaipeleka mwenyewe ofisini, amejifunga kikwembe, kitenge chake cha kanisani.

Siku ya posho iliyofuata, bwana shefu alisimama kwenye ngazi ya ghala akaita jina la baba. Baba alitoka kwenye kundi la wanaume kwa hofu, anafikiri ameshtakiwa. Mzungu akamshika mkono mbele ya kambi nzima. Akasema, kwa kile Kiswahili chao cha kuamuru, kwamba huyu ndiye mutu ya kazi wa kweli, hapana kulia-lia kama wengine, na kwamba wote watazame kwake. Akampa sukari na blanketi jipya. Watu wakapiga makofi. Baba hakuelewa kitu, lakini aliyetukuzwa hadharani haulizi sana. Alirudi nyumbani anatabasamu, akakohoa, akatabasamu tena. Mama alinibana mkono kwa furaha mpaka ukauma. Kwake yeye blanketi lile lilikuwa jibu: barua imepokelewa, kazi ya bustani inakuja. Na mimi nikasema moyoni, si unaona? Nilikimbia kwa Mwalimu nikataka kumweleza yote, nikakumbuka siri, nikamwambia tu kwamba kitabu chetu ni cha kweli. Alifurahi sana siku ile.

Mama alingoja. Kila jioni alimtazama baba akiingia, kama ameleta habari ya kuhamishwa. Majuma mawili yalipita, yakafuata mengine. Alianza kusema labda bwana shefu amesafiri, labda bustani zimejaa. Alitaka niandike barua ya pili. Nikamwambia si adabu kumharakisha mkubwa. Hilo pia nililisema, na sikuwa na sababu ya kulisema ila woga, maana wakati huo nilikwisha kuanza kuitilia shaka barua yangu, hasa baba alipokohoa na kuficha kitambaa. Nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kukiri siku yoyote. Bustani haikuwa mbali, kabichi za Baba Kabwe tuliziona tukienda shuleni.

Baba alianguka kazini mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika. Alikaa lopitalo, hospitali ya kampuni, siku tisa. Tuliruhusiwa kumwona Jumapili moja tu, na aliniuliza kama nimepita mtihani.

Matanga yalifanyika mbele ya nyumba yetu, wanaume kwenye mabenchi ya shule, wanawake chini. Nilikuwa namngoja mtu mmoja. Namkumbuka yule mtoto niliyekuwa, amekaa kwenye kizingiti na nguo nyeusi ya kuazima, anaangalia njia, ana hakika kabisa kwamba Mwalimu Gaspari atakuja na sababu. Nilikuwa nimeitafuta mwenyewe siku mbili mchana kutwa, sikuipata, nikaona ni kwa kuwa mimi ni mdogo. Alipofika hakusalimia watu. Alikaa chini karibu nami, suruali yake ya kazi kwenye vumbi. Nikamwuliza kwa sauti ndogo heri ya jambo hili ni ipi.

Alinigeukia.

"Kitabu yetu haina mwisho, mutoto," akasema. "Sijue namna gani inaishaka. Nilikufundisha kintu yenye miye mwenyewe sijue."

Akalia, mbele ya wanaume wote wa kambi, kwa sauti, na sidhani alimlilia baba peke yake. Sijawahi kumlaumu. Yeye alijifariji kwa alichokiokota. Mimi ndiye niliyekiandika juu ya karatasi na kukipeleka ofisini kwa kidole cha mama. Nilitaka kumwambia siku ile, lakini alikuwa analia, na baada ya pale hatukuonana sana, maana mjane haachiwi nyumba ya kambi. Mwezi haukwisha tukahamia huku mtaa wa Kenya, chumba kimoja, mama akauza samaki wakavu walioletwa na ndugu zake wa Pweto.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa mwalimu katika shule ya masista, nilimsimulia sista mmoja mzee habari za kile kitabu. Sikumsimulia ya barua. Nilimweleza tu ya nyumba na mto, ya gereza, ya mguu na viatu, nikamwuliza kama anamjua mtakatifu huyo. Alicheka mpaka akavua miwani. Alinieleza kwa upole kwamba huyo hakuwa mtakatifu bali mjinga. Zamani kule kwao walikuwepo wasomi waliofundisha kwamba ulimwengu huu ni bora kuliko wote uwezao kuwako, na wenzao wakaandika vitabu vingi vya kuwadhihaki, hiki lazima kilikuwa kimojawapo. Kila ukurasa uliandikwa ili msomaji acheke. Mwishoni, alikisia, lazima kuna mtu anamwambia yule bwana anyamaze.

Nilicheka pamoja naye, kwa adabu. Kisha nikaenda kwenye chumba cha madaftari nikakaa juu ya sanduku. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Watu wa Ulaya walikuwa wameyacheka maneno yale kabla babu zangu hawajazaliwa. Kwao walikwisha kuyamaliza. Kwetu yaliletwa yakiwa na uso wa kanisani, yakasemwa kwenye ngazi ya ghala na blanketi juu yake, na nani kati yetu alikuwa ameambiwa kwamba inafaa kucheka? Lakini hasira ile haikunisaidia sana, kwa sababu mwana wa Baba Kabwe naye alisoma katekisimu ile ile, naye aliishi chini ya moshi ule ule, na alipoandika barua aliandika kwamba baba yake anaumwa.

Mama aliishi mpaka akawa mzee kuliko nilivyo sasa. Katika miaka yote hiyo aliwachukia watu wa ofisi ile kwa chuki safi, isiyo na shaka, na aliwasimulia wajukuu jinsi mtoto wake wa miaka kumi alivyoandika barua mpaka mzungu akashuka kwenye ngazi. Jina langu lilipotajwa kwa sifa, mimi ndiye niliyejua kuondoka na kwenda kutazama chungu. Mara ngapi nilijiambia kwamba nitamweleza Pasaka ikipita, mvua zikikatika, atakapopata nafuu.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa haoni vizuri. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa barazani, namchambulia maharagwe, akaniomba nimsomee ile barua. Nikamwambia barua ilibaki ofisini. Akasema haidhuru, kichwa changu ni kile kile. Niliweka ungo chini. Niliona kwamba siku imefika, hakuna mtoto wala jirani karibu, na kwamba nikisema sasa atakufa akiwa ameujua ukweli, na chuki yake aliyoibeba miaka hamsini itahamia kwangu, mahali pake. Nilisema "Mama," akasema "Eee." Kisha nikamsomea, kwa Kiswahili, ile ya kifua na bustani na watoto wanne, neno kwa neno.

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema anataka kuisikia kwa Kifaransa pia, kwa vile ndivyo ilivyoandikwa, na yeye hakuwahi kuisikia.

Basi nikaisema kwa Kifaransa. Niliisema ile yenyewe, ya moto unaosafisha na mahali pazuri kuliko pote, ya baba asiyetamani kubadilisha chochote. Sikuwa nimesahau hata neno moja. Nilimtazama usoni mpaka mwisho, kama labda katika uzee wake angekuwa ameelewa lugha ile bila kufundishwa. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

"Uliandika muzuri, mama," akasema. "Bale ba ofisi njo balikataa."